Mvulana Anayetoka Kwenye Fremu: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita tulichapa picha ya Pere Borrell del Caso, mchoraji wa Katalunya, Hispania: mvulana wa shamba, miguu mitupu, shati jeupe limemporomoka begani, mikono yote miwili imeshika miimo ya fremu na mguu mmoja umekwisha kukanyaga kizingiti cha chini. Yumo njiani kutoka. Barua zimekuja nyingi, na tumeteua zaidi zile zinazouliza mambo ya kazi: namna picha ilivyojengwa, namna ya kuichapa, na namna ya kumchora mtoto wa nyumbani kwa mtindo huohuo.

*

Mhariri, salaam. Huyu kijana ni nani, na picha yenyewe iko wapi? Mjomba wangu alipita Madrid, akaitafuta katika jumba la Prado asiione. Na je, ni kweli kwamba hata fremu imechorwa?
*Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo*

Mjomba wako hakuiona kwa sababu haiko Prado. Ni mali ya Banco de España, benki kuu ya nchi hiyo, ambayo ina mkusanyiko wake wa sanaa hukohuko Madrid. Ilichorwa mwaka 1874 kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Urefu wake ni takriban sentimita 76, upana unazidi 60 kidogo. Jina lake la Kihispania ni *Huyendo de la crítica*, yaani akiwakimbia wahakiki.

Ndiyo, fremu imechorwa. Ile mbao ya rangi ya dhahabu unayoiona kuzunguka mvulana ni rangi tupu juu ya turubai lilelile alilochorwa yeye. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika, na majibu yetu mengi hapa chini yanarudi kwake: fremu ni sehemu ya picha. Ukiiondoa unabaki na mtoto aliyeinama gizani, na huelewi anashika nini.

Picha haimtaji mvulana kwa jina. Mavazi yake ndiyo yanayosema: suruali fupi iliyochakaa, shati pana la kazi, hakuna kiatu. Watoto wa aina hii walikuwa na historia ndefu katika uchoraji wa Hispania. Karne ya 17 Murillo wa Sevilla aliwachora sana, na National Gallery ya London inayo picha yake ya mvulana wa shamba aliyeegemea kizingiti cha dirisha. Jumba hilohilo lina picha ambayo Murillo alijichora mwenyewe, ya miaka ya 1670 hivi, akiwa ndani ya fremu ya umbo la yai iliyochorwa, na mkono wake umetoka ukashika ukingo. Zitazame hizo mbili pamoja, kisha mrudie Borrell: mtoto wa shamba kutoka ya kwanza, mkono unaovuka mpaka kutoka ya pili, ila yeye ameutoa mwili karibu wote.

Borrell alizaliwa 1835 Puigcerdà, mji mdogo wa milima ya Pyrenees ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mpakani na Ufaransa. Nyumbani kwao kazi ilikuwa useremala, naye akaujifunza. Alipohamia Barcelona alijipatia riziki kwa kutengeneza masanduku huku akisoma katika shule ya sanaa ya Llotja. Baadaye akafungua shule yake mwenyewe. Wachoraji Ricard Canals na Xavier Nogués ni miongoni mwa waliopita hapo. Alifariki Barcelona mwaka 1910. Kwetu sisi ule useremala si jambo dogo. Mtu aliyeunga pembe za mbao kwa mikono yake anajua mwanga unavyoingia kwenye kiungo, na kona za fremu hii zinaonyesha ujuzi huo.

*

Niliipenda picha hiyo nikaenda kuichapisha kwa ajili ya sebule. Imetoka, nimeitundika, lakini hakuna mgeni hata mmoja aliyeshtuka. Inaonekana picha ya kawaida tu. Nimekosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Mombasa*

Dada, kwa maelezo ya barua yako kamili, duka la kuchapa lilipunguza kingo "ili ikae vizuri" kisha wakakuuzia fremu ya plastiki yenye kioo. Hapo picha imeuawa mara mbili. Kwanza wamekata fremu iliyochorwa, kwa hiyo vidole vya mtoto vimeshika hewa. Pili wameweka kioo mbele yake. Kioo kinamwambia kila mgeni, kabla hajatazama, kwamba mtoto yuko nyuma ya kitu.

Chapisha upya hivi. Omba karatasi ya A1, ambayo ni sm 59.4 kwa 84.1. Picha ikijaza upana wote, urefu utakuwa sm 74 hivi, karibu sawa na picha yenyewe. Ukubwa huu una sababu. Kichwa cha mtoto kinakaribia kichwa halisi, na jicho la mtu hukubali kudanganywa na kitu chenye kipimo linachokifahamu. Kwenye A4 kichwa kinakuwa cha sm chache tu, na hakuna mtoto wa kichwa hicho.

Faili uliyopakua iwe na pikseli zisizopungua 3,500 kwa 4,400. Hapo unapata nukta 150 kwa kila inchi, inatosha kwa picha ya kutazamwa kutoka mita mbili. Ile ya kutumiwa kwa simu yenye pikseli 800 kwa 1,000 itakupa nukta 34 tu kwa inchi, na kitakachoharibika kwanza ni kingo za vidole, mahali ambapo udanganyifu wote unaanzia.

Karatasi iwe isiyong'aa. Ibandikwe juu ya ubao mgumu wa MDF wa milimita 6 au 9, uliokatwa sawasawa na ukingo wa nje wa fremu iliyochorwa, bila mpaka mweupe. Usiweke kioo wala fremu nyingine. Kingo za ubao zipake rangi ya kahawia.

Sasa utundikaji. Tazama uso wa mtoto uone mwanga umempiga upande gani, kisha tafuta ukuta ambao dirisha au taa yake iko upande huohuo unapoikabili picha. Mwanga wa chumba ukitoka kushoto na wa picha kulia, jicho hugutuka kabla akili haijajua kwa nini. Macho ya mtoto yawe karibu usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama, na mahali pazuri pa kukutana naye ni mwisho wa ukumbi au pembeni ya mlango, mita mbili au tatu kutoka anapotokea mgeni. Akisogea hadi nusu mita, macho yake mawili yatapima kina na kujua ni bapa. Hilo haliepukiki, hata kwa picha ya Borrell mwenyewe. Udanganyifu ni wa kufumba na kufumbua. Baada yake mgeni hubaki pale akishangaa ulivyofanywa.

*

Mimi nachora kwa rangi za enameli juu ya hadibodi, kazi za wanyama na vijiji kwa ajili ya watalii. Nataka kumchora mpwa wangu, miaka tisa, akitoka kwenye fremu kama huyo wa Hispania. Nimejaribu mara moja, uso ulitoka kama sahani na mguu ukawa mkubwa kuliko kichwa. Naomba hatua.
*Mchoraji, Dar es Salaam*

Kaka, hadibodi uendelee nayo. Ni laini kuliko turubai, na kazi ya namna hii inataka uso usio na nyuzi. Enameli ndiyo itakayokusumbua. Inajisawazisha na kung'aa, sifa nzuri kwa twiga na mbuyu wa rangi kali zilizopangwa bapa, lakini hapa mng'ao unaakisi dirisha na kusema "huu ni ubao". Tena hukauka haraka, hupati muda wa kulainisha mpito wa mwanga kuingia kivulini shavuni. Ndiyo maana uso ulitoka bapa. Tafuta rangi za mafuta za mirija.

Ubao. Kata hadibodi sm 80 kwa 65, gundia fito za mbao nyuma pande zote ili usipinde. Ziba pande zote mbili, mbele na nyuma. Ukiziba mbele tu, unyevu wa Dar utaingia nyuma na kuukunja. Paka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya kutayarishia ubao, tabaka nne nyembamba, ukiacha kila moja ikauke, na kati ya tabaka piga msasa namba 220, mwisho namba 400. Usitumie rangi ya maji ya ukutani badala ya jeso. Hunyonya mafuta kutoka kwenye rangi yako, madoa yaliyofifia hutokea, na baada ya miaka rangi huweza kubanduka. Acha siku tatu kabla ya kugusa rangi ya mafuta.

Mkao. Mguu mkubwa ni kosa la kamera. Simu ikiwa nusu mita kutoka kwa mtoto, kiungo kilicho mbele huvimba. Simama mita tatu, tumia ukuzaji wa mara mbili, lenzi iwe usawa wa kidevu cha mtoto. Tengeneza fremu halisi ya mbao yenye uwazi wa sm 66 kwa 51, isimamishe mezani na kuikaza vizuri. Mtoto apande juu ya sanduku imara nyuma yake, na mtu mzima awe karibu wa kumshika. Nyuma yake tundika kaniki au kitambaa chochote cheusi kisichong'aa. Mwanga uwe mmoja tu, dirisha au taa, kutoka juu kushoto kwa pembe ya nyuzi 45. Zima taa nyingine zote. Taa mbili huzaa vivuli viwili, na vivuli viwili haviwezi kuchorwa vikaaminika.

Mkao wenyewe: kichwa, mikono na mguu mmoja vivuke mstari wa fremu, kiwiliwili kibaki ndani. Macho yasimtazame mtazamaji. Hapa Borrell alikuwa hodari sana: mvulana wake ametoa macho kuangalia kitu kilicho chumbani kwetu, nje ya picha, kwa hiyo chumba chetu kinakuwa sehemu ya tukio. Mtoto akikutazama wewe na kutabasamu, ni picha ya studio.

Kuhamisha. Chora miraba ya sm 5 juu ya ubao, itakuwa 16 kwenda juu na 13 kwenda pembeni, na idadi ileile juu ya picha uliyochapa. Nakili mraba kwa mraba. Pima mara mbili kiganja na unyayo, maana viungo vinavyokuja mbele vinaonekana vifupi na mkono wako utataka kuvirefusha kama unavyovijua.

Fremu kwanza. Ichore na kuimaliza kabla ya mtoto, upana wa sm 7 pande zote. Huu ndio moyo wa kazi, na hapa ndipo wengi huharibu kwa kupaka pande nne rangi moja. Mwanga ukitoka juu kushoto, nyuso za ndani za fremu zinagawanyika hivi: mwimo wa kushoto uso wake wa ndani uko kivulini, mwimo wa kulia uso wake wa ndani umepigwa mwanga, kizingiti cha chini juu yake kunang'aa, ubao wa juu chini yake ni giza. Kona nne ziwe na mstari mwembamba wa nyuzi 45 ambapo mbao zimeungana, upande mmoja mweusi kidogo, upande mwingine mweupe kidogo. Acha wiki moja ikauke.

Giza la nyuma. Bapa, bila kitu ndani yake. Usiweke chumba, usiweke ukuta. Borrell aliacha weusi tu, na weusi huo haumpi mtazamaji chochote cha kupimia kina.

Ngozi. Tabaka la kwanza ni amba mbichi (raw umber, kahawia ya udongo) iliyozimuliwa kwa tapentaini pekee, kuweka mwanga na kivuli bila rangi. Likikauka, endelea na rangi kama inavyotoka mrijani. Kwa mpwa wako, kama ni mweusi wa kawaida wa pwani, anza na siena iliyochomwa (burnt sienna) sehemu 3, oka ya njano (yellow ochre) 2, bluu ya ultramarini 1. Kwa kivuli ongeza bluu na amba. Nyeusi ya mrijani peke yake hufanya ngozi ifubae. Kwa sehemu za mwanga ongeza oka kwanza, nyeupe baadaye na kidogo sana, la sivyo ngozi inapauka. Mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua uwe wa ubaridi, wenye bluu kidogo, kwa sababu unaakisi anga la dirishani. Tabaka la mwisho lichanganywe na matone machache ya mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) na tapentaini, nusu kwa nusu. Kanuni haibadiliki: kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake. Kinyume chake kinapasua picha.

Kivuli juu ya fremu. Ndicho kitu cha mwisho, na ndicho kinachomtoa mtoto nje. Chini ya kidole kilichogusa mbao kivuli ni chembamba, cheusi na chenye ukingo mkali. Kadiri kiungo kinavyoachana na mbao, kivuli kinapanuka, kinafifia na ukingo wake unalainika. Rangi yake ni rangi ya fremu iliyotiwa giza, kahawia ya joto. Kivuli cha kijivu juu ya dhahabu kinaonekana uchafu. Kisha weka mwanga hafifu wa njano upande wa chini wa kiganja, ule unaorudishwa na dhahabu. Usiusahau huo. Mkono usio nao unaonekana umekatwa na kubandikwa.

Burashi ya mwisho iwe pana, laini na kavu, ipitishwe juu ya rangi mbichi kufuta alama za burashi. Michirizi ya rangi ni mizuri katika kazi nyingine, hapa inakusaliti.

*

Mimi ni fundi wa fremu. Kwa nini msimwambie mtu atumie rangi ya dhahabu ya kopo kwenye fremu ya kuchora? Ingekuwa rahisi.
*Fundi, Tanga*

Kwa sababu dhahabu ya kopo ni unga wa shaba nyekundu na zinki. Inang'aa hata pale ulipokusudia kivuli, na kila mtazamaji akisogea, mng'ao unasogea naye. Hapo hapo mchezo umekwisha. Tena shaba huungua kwa hewa, hasa ya chumvi kama ya kwenu, ikawa ya kijani au kahawia. Dhahabu ya kuchora hutengenezwa kwa oka ya njano, amba mbichi na nyeupe: kivuli ni amba tupu yenye oka kidogo, katikati ni oka, mwanga ni oka na nyeupe na tone la njano ya limau. Mng'ao wa juu kabisa ni mistari myembamba kama uzi, michache, palipo na ukingo tu. Ukiwa nayo mingi haing'ai tena.

*

Nafundisha sanaa sekondari. Wanafunzi wangu wamependa picha, lakini mmoja aliuliza: je, si dharau kumchora mtoto maskini na matambara yake ili matajiri wafurahi? Nilitaka kumjibu vizuri.
*Mwalimu, Arusha*

Mwalimu, huyo mwanafunzi ameuliza swali la haki, na karne ya 19 inamuunga mkono. Picha za watoto wa mashambani na wa mitaani zilikuwa biashara kubwa Ulaya: mashavu mekundu, tambara safi, tabasamu kwa mnunuzi. Watoto wengine walikaa mbele ya wachoraji kwa sarafu chache.

Mwambie atazame mvulana wa Borrell anafanya nini. Haombi, hatabasamu, hatutazami. Ameshughulika na safari yake mwenyewe, na uso wake una mshangao wa mtu anayekiona kitu kwa mara ya kwanza. Matambara yamo, lakini si yanayobeba picha. Kinachoibeba ni nguvu ya mikono miwili. Sisi tunaiona kama picha ya heshima, na tunaisema hivyo tukijua wapo watakaoiona vingine.

Kwa darasani, kuna mambo ya kutekelezwa kabla ya penseli. Mzazi aombwe ruhusa na aonyeshwe kazi ikiisha. Mtoto achague nguo zake. Usimvue viatu wala kumvalisha matambara ili "apendeze". Mkao wa kushika na kupanda unachosha haraka: dakika 10 za kukaa, 5 za kupumzika, na weka alama za chaki mahali pa mikono na mguu ili arudi palepale. Chora mikono na mguu kwanza, wakati hajachoka. Uso unaweza kufanywa akiwa ameketi. Na kama picha itauzwa, mtoto apate sehemu yake.

*

Nipo Muscat. Muuzaji mmoja aliniuzia picha hii kwenye turubai akisema imechorwa kwa mkono, Hispania, na bei yake haikuwa ndogo. Nitajuaje?
*Msomaji, Oman*

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi na uitazame shati jeupe karibu na kivuli. Ukiona nukta ndogondogo za bluu, zambarau nyekundu na njano zilizotawanyika, ni ya mashine. Rangi ya burashi haina nukta. Ina chembe na mifereji. Kisha weka tochi pembeni kabisa, karibu sambamba na uso wa picha. Kazi ya mkono huonyesha tofauti za unene kati ya giza na mwanga. Iliyochapwa huonyesha kusuka kwa turubai tu, sawasawa kila mahali, au michirizi ya jeli iliyopakwa juu isiyofuata umbo la kitu: mstari wa burashi unapita shavuni hadi kwenye fremu bila kujali. Hiyo jeli ndiyo inayowadanganya wengi. Tazama pia turubai lilipokunjwa ubavuni. Picha ikiendelea ubavuni kinyumenyume kama kwenye kioo, mvulana akiwa na kiwiko kilichogeuzwa, ni kazi ya kompyuta.

Picha yenyewe ya 1874 ni moja, nayo ni ya benki. Inayouzwa sokoni ni nakala. Nakala nzuri ya mkono ina thamani ya kazi ya aliyeifanya, basi.

*

Naruhusiwa kuiweka kwenye fulana na kuuza?
*Mchapishaji wa fulana, Nairobi*

Ndiyo. Borrell alifariki 1910, na ulinzi wa hakimiliki katika nchi nyingi huisha miaka 50 au 70 baada ya kifo cha msanii. Umoja wa Ulaya nao, kwa maelekezo yake ya 2019, umesema nakala ya kweli ya mchoro uliotoka kwenye hakimiliki haizai hakimiliki mpya. Lakini picha mpya aliyoibuni mtu mwingine kwa kumtumia mvulana huyo ni mali yake, usiichukue. Na tafadhali, usikate fremu.

*

Nilichora kwa mafuta mtoto akitoka kwenye fremu, giza nyuma yake. Baada ya miezi mitatu giza bado linanata, na shati jeupe lililo juu yake limepasuka mistari midogomidogo. Nifanye nini?
*Mchoraji, Zanzibar*

Umeandika kwamba giza ulilipaka nene, nyeusi ya pembe (ivory black) iliyotiwa mafuta mengi ya linsidi, na shati ukalipaka juu yake baada ya siku mbili kwa rangi iliyozimuliwa na tapentaini. Kila kitu kimo humo. Nyeusi ya pembe ni miongoni mwa rangi zinazochelewa sana kukauka, na mafuta uliyoongeza yameichelewesha zaidi. Shati lako halikuwa na mafuta, likakauka kwanza, likawa gamba gumu juu ya kitu kinachosogea. Gamba limepasuka.

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walijiletea msiba mkubwa zaidi wa aina hii. Wengi walitumia lami kwa giza lao la kahawia kwa sababu ilionekana nzuri na ya kina siku ya kwanza. Lami haikauki kamwe sawasawa. Picha nyingi za wakati huo leo zina mipasuko mipana kama ngozi ya mamba, na hazitibiki.

Yako inatibika kwa sehemu. Usiongeze tabaka lolote sasa, wala vanishi. Utaifungia rangi mbichi ndani. Iweke wima mahali penye mwanga wa mchana na hewa inayopita, isipigwe na jua moja kwa moja, mbali na ukuta ili mgongo upumue. Usiifunike wala kuificha kabatini: gizani mafuta hugeuka njano, na kwa unyevu wa kisiwani ukungu utaota. Subiri miezi sita. Giza likiwa gumu, kwangua shati lililopasuka kwa wembe hadi ufikie chini panaposhikana, piga msasa namba 400 taratibu ukiwa umevaa barakoa, kisha lipake upya kwa rangi yenye mafuta kidogo zaidi ya iliyo chini. Kama giza bado linanata baada ya miezi sita, likwangue lote. Ni afadhali kupoteza giza kuliko kupoteza picha.

Safari ijayo tengeneza weusi kwa amba mbichi na bluu ya ultramarini, nusu kwa nusu, tabaka nyembamba mbili. Amba ina manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha mafuta kukauka; siku tatu hadi tano tabaka halichafui kidole. Weusi wake pia una uhai kuliko wa pembe. Vanishi isubiri miezi sita baada ya rangi ya mwisho, na iwe isiyong'aa.

Ulitaja pia kwamba matambara yako unayakusanya kwenye kapu chini ya meza. Yatoe leo. Kitambaa chenye mafuta ya linsidi kinapokauka hutoa joto, na kikiwa kimekunjwa pamoja na vingine joto halina pa kutokea. Kinaweza kuwaka chenyewe usiku bila kiberiti. Kila kitambaa kitandazwe kimoja kimoja nje hadi kikakamae, au kilowekwe kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.